"Gari", "Motokari" na Mzizi wa Kikelti: Kufanana si Undugu

Wapo wanaolilinganisha neno la Kiswahili "gari" na "car" la Kiingereza, wakaona yanafanana kwa sauti na kwa maana, wakahitimisha kuwa la kwanza limetokana na la pili. Hitimisho hilo halisimami, na historia ya "car" lenyewe yaonyesha sababu.

Wanaisimu wamelirejesha "car" hadi umbo la Kikelti cha Awali, *karros, yaani gari la kukokotwa. Nyota iliyotangulizwa yakumbusha kwamba umbo hilo halikuandikwa popote. Limeundwa upya kwa kulinganisha "carr" la Kieire cha Kale, "car" la Kiwelisi na "karr" la Kibretoni. Nyuma yake upo mzizi wa Kihindi-Ulaya wenye maana ya kukimbia, uliozaa pia "currus" la Kilatini. Irabu ndiyo shahidi: katika neno hili, "r" iliyobeba silabi ilitoa "ar" katika Kikelti na "ur" katika Kilatini. Hivyo Kilatini, ingawa kilikuwa na "currus" la urithi, kilikopa "carrus" kutoka kwa Wagallia. Julius Caesar alilitumia alipoeleza uhamaji wa Wahelveti wa mwaka 58 K.K. Wazao wa mkopo huo ni wengi. Kifaransa kina "char", "charrue" na "charger". Kihispania kina "carro" na "cargar". Kiingereza kilipata "car" kupitia Kifaransa cha kaskazini, ambako sauti "k" haikugeuka kuwa "ch".

Kwa upande wa "gari", ushahidi waelekea kwingine. Kiswahili kwa kawaida hakigeuzi "k" ya Kiingereza kuwa "g": "koti", "keki" na "kabati" zathibitisha. Chimbuko lake ni "gāṛī" la Kihindi, lililokuja likiwa tayari na "g" yake na "i" yake ya mwisho. Mzao halisi wa *karros katika Kiswahili ni "motokaa", pamoja na "motokari" la Lubumbashi, yote yakitokana na "motor car".

Kosa hili si dogo. Anayelipa "gari" asili ya Kiingereza huifuta India katika historia ya Kiswahili, na papo hapo hupitwa na neno la Kikelti linalotamkwa kila siku barabarani Katanga. Sikio hudokeza tu. Kanuni za sauti na njia ya ukopaji ndizo zinazoamua.