Mapigo ya Fimbo na Mapigo ya Ngoma

Neno "mapigo" limebeba mizigo mingi katika lugha yetu. Yako mapigo ya fimbo, yako mapigo ya moyo, na yako mapigo ya ngoma. Sisi tulio watunzi tumeyatumia yote katika mashairi, lakini hatukupata kuutafakari undugu wake hadi mwaka 2019, tulipokuwa Marekani kwa kazi za serikali, tukaenda jioni moja kuwatazama Stryper.

Hili ni kundi la muziki wa roki wa Kikristo lililoanzia jimbo la California mwaka 1983. Nguzo zake ni ndugu wawili, Michael Sweet mwimbaji na Robert Sweet mpiga dramu, pamoja na Oz Fox mpiga gita. Tangu mwanzo walivaa nguo za mistari ya manjano na nyeusi, na jina lao wamelifungamanisha na Isaya 53:5, aya inayotaja mateso ya mtumishi wa Mungu na uponyaji wa watu wake. Katika Biblia ya Kiingereza ya zamani, neno moja hutaja alama za mijeledi mwilini na pia mistari ya nguo. Hapo ndipo ulipo ufundi wao: wameivaa aya. Kiswahili hakiwezi kuubeba mchezo huo wa maneno. Lakini Biblia yetu hutumia kitenzi cha kupigwa, na kitenzi hicho kinatupeleka kwenye ngoma, mahali ambapo Kiingereza hakifiki.

Nasi ngoma tuliiona. Desturi ya makundi ya namna hii ni mpiga dramu kufichwa nyuma ya vyombo vyake. Robert Sweet huviweka ubavu kwa hadhira, ili kila pigo lionekane linakotoka na linakoangukia. Tuliwakumbuka wapigaji wa kwetu, ambao katikati ya uwanja hutazamwa mikono kama vile mcheza ngoma anavyotazamwa miguu.

Hata hivyo, mhakiki hana budi kusema kweli. Nyimbo nyingi za jioni ile hatukuyasikia maneno yake. Magita ya umeme yaliyameza, na waliotuzunguka waliimba kwa kuwa waliyajua tangu ujana wao. Nywele za wengi zilikuwa na mvi. Utungo unaoeleweka na aliyekwisha kuujua tu umepoteza nusu ya kazi yake, na kwa watu waliojitwika kazi ya kuhubiri, upungufu huo si mdogo.

Wako waliowalaumu kwa sababu nyingine. Kundi hili lina mazoea ya kuwarushia watazamaji vitabu vya Agano Jipya kutoka jukwaani, na katika miaka ya 1980 baadhi ya wahubiri wa huko waliona kitendo hicho kuwa ni kulidhalilisha Neno. Hoja yao nyingine ilikuwa kwamba chombo cha dunia hakiwezi kubeba ujumbe wa mbinguni. Wasomaji wetu watakumbuka kwamba ngoma zetu nazo zilifungiwa milango ya makanisa kwa hoja hiyo hiyo, na kwamba padre wetu Stephen Mbunga alilazimika kuandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1963, juu ya muziki wa Kibantu na sheria za Kanisa. Hoja ya chombo haitutishi. Ya kurusha vitabu ndiyo iliyotupa taabu, maana kwetu kitabu kitakatifu hupokewa kwa mikono miwili.

Mwaka 1986 walitoa albamu ya To Hell with the Devil, ikauzwa zaidi ya nakala milioni moja nchini mwao. Mwaka 1990 waliiacha manjano na nyeusi, wakaupunguza sana ujumbe wa dini katika albamu ya Against the Law. Mwaka 1992 Michael Sweet aliondoka. Waliungana tena mwaka 2003, na mistari ikarudi. Fani ilipoachana na maudhui, vyote viwili vilidhoofika. Mwalimu anayetafuta mfano wa kufundishia jambo hilo asiuache huu.

Lililotushika zaidi lilikuwa kumtazama Oz Fox. Mwaka 2018 alishikwa na kifafa cha ghafla jukwaani mjini Las Vegas, na uchunguzi ukaonyesha uvimbe kichwani. Mwaka uliofuata ndiye huyu mbele yetu, chini ya jina linalotokana na aya ya uponyaji, akiwa hajatangaza kwamba amepona. Alipiga gita kwa utulivu, macho kwenye nyuzi. Katika mashairi yetu tumezoea kuliandika neno "kupona" kwa wepesi, hasa linapotufaa kwa kina. Jioni ile tuliliona likiwa na uzito wa mtu.

Vitabu viliporushwa mwishoni, kimoja kiligonga kiti cha mbele yetu kikaanguka sakafuni. Vijana wawili walikirukia, mmoja akakipata. Hakukitia mfukoni. Alikifuta kwa shati lake, akasimama akakisoma pale pale, taa zilipokuwa zikiwashwa na watu wakimpita.