Pongezi kwa Mabawabu wa Hospitali

Sheria ya Kudhibiti Tumbaku, iliyopitishwa nchini Kenya mwaka 2007 na kuharimisha uvutaji wa sigara hospitalini, ingalibaki wino juu ya karatasi lau si mabawabu wetu wa Mombasa, ambao silaha yao kubwa ni ulimi wenye adabu. Yataka hekima, na subira pia, kumwendea mzee aketiye chini ya mwarobaini, akimngojea mkewe aliye katika chumba cha upasuaji, kumwamkia shikamoo kwanza, ndipo kumwambia, "Tafadhali, mzee wangu, izime, au nikusindikize hadi nje ya lango". Naye, aliyekuwa karibu kughadhibika, huizima kwa haya. Faini imo katika sheria, lakini aghalabu haitajwi. Daktari mwenye kuvuta nyuma ya jengo huambiwa yayo hayo, ila shikamoo hapewi.