Kuyatambua Maelezo Bora ya Zana za Akili Unde

Wakala wa akili unde haoni programu uliyoiandika. Hausomi msimbo wake, haijui hifadhidata iliyo nyuma yake, na hana mtu kando wa kumuuliza. Anachopewa ni jina la zana, maelezo yake na orodha ya vigezo vya kujaza. Kwa maneno hayo tu anaamua aite zana ipi, lini, na ajaze nini. Mwezi Juni 2023 OpenAI iliwafungulia watengenezaji programu uwezo wa modeli kuita kazi za nje, na Novemba 2024 Anthropic ikatangaza MCP, itifaki ya kuunganisha modeli na zana zinazotolewa na seva mbalimbali. Tangu hapo maelezo ya namna hii yameandikwa kwa wingi mno, na mengi yameandikwa ovyo.

Ukitaka kujua mwandishi alikuwa makini kiasi gani, anza na vigezo. Aya ya utangulizi mtu yeyote anaweza kuipamba. Chukua zana ya kutuma pesa kwa simu. Ukikuta pameandikwa "kiasi: nambari" na "simu: namba ya mpokeaji", kazi bado haijafanywa. Shilingi ipi? Kenya, Tanzania na Uganda zote zina shilingi, na thamani zake zimeachana mbali. Tena, katika kiwango cha ISO 4217 shilingi ya Uganda haina senti, ilhali ya Kenya inazo. Mfumo unaohesabu kwa sehemu ndogo kabisa ya sarafu utasoma 5000 kuwa shilingi elfu tano za Uganda, lakini kwa Kenya utasoma shilingi hamsini. Namba ya simu nayo ianze na sifuri, na +254, au na 254 tupu? Daraja, mfumo wa kampuni ya simu ya Safaricom ya Kenya wa kuunganisha programu na huduma zake za malipo, hutaka 254 bila sifuri wala alama ya kujumlisha. Maelezo bora hutaja sarafu, kipimo na muundo, kisha huweka mfano mmoja uliojazwa sawasawa.

Saa huumbua wengi zaidi. Mteja akisema "niwekee miadi saa tatu asubuhi", anataka 09:00. Zana yenye kigezo kiitwacho "muda" bila neno jingine inamwachia wakala abahatishe, na siku moja mgonjwa atapangiwa daktari saa tisa za usiku. Sentensi moja ingetosha: andika kwa mtindo wa saa 24, kwa saa za Afrika Mashariki, yaani UTC+3. Mwandishi aliyeikumbuka sentensi hiyo ninamwamini hata kabla sijasoma mengine.

Kisha tazama mipaka. Maelezo mengi husema zana inafanya nini. Machache husema isitumike wapi. Palipo na "tafuta_mteja" na "orodhesha_wateja" bega kwa bega, kila moja inapaswa kuitaja nyingine na kueleza zamu yake inapoishia. Kipimo kizuri ni kumpa mtu asiyeijua kazi hiyo maelezo peke yake, umsomee maombi halisi ya wateja, aseme angeshika zana ipi. Akisita, wakala naye atasita, au, vibaya zaidi, atachagua bila kusita.

Zana inayofuta kumbukumbu au kuhamisha fedha iseme wazi kwamba kitendo hakirudi nyuma. Toleo la MCP la Machi 2025 liliongeza alama za kuonyesha kama zana inasoma tu au inaweza kuharibu, lakini itifaki yenyewe inaonya kwamba alama hizo zisiaminiwe zikitoka kwa seva usiyoiamini.

Ujumbe wa kosa nao ni sehemu ya maelezo. "Ombi batili" halimsaidii yeyote. "Tarehe iandikwe mwaka-mwezi-siku, mfano 2025-03-14" humwezesha wakala kujisahihisha papo hapo.

Kuhusu urefu, kila neno huchukua nafasi katika kumbukumbu ya kazi ya modeli, kwa hiyo sifa na matangazo yakatwe. Nikikuta "MUHIMU SANA" na "LAZIMA" kwa herufi kubwa kila mstari, huona viraka: mwandishi alikimbizana na makosa badala ya kuandika upya.

Kasoro moja haina msamaha. Mwaka 2025 watafiti wa usalama walionyesha kwamba ndani ya maelezo ya zana yanaweza kufichwa maagizo ya kumfanya wakala asome faili za siri za mtumiaji na kuzipeleka kwingine. Zana ya kujumlisha hesabu haina haja ya kutaja faili zako. Kwa hiyo soma maelezo yote kabla ya kuiunganisha seva yoyote, na uyasome tena kila inapobadilishwa, kwa kuwa mwenye seva anaweza kuyageuza baada ya wewe kuyakubali. Ukikuta agizo lisilohusiana na kazi ya zana, ikatae zana hiyo hata kama mengine yote yameandikwa vizuri.