Msemaji Nani, Anamwambia Nani: Miezi Saba na Chozi la Heri

Februari 2020 nilirudishiwa karatasi ya fasihi yenye alama 7 kati ya 20 katika swali la riwaya. Nilikuwa Kidato cha Nne katika shule ya kutwa kaunti ya Nyamira, na riwaya iliyotahiniwa ilikuwa Chozi la Heri ya Assumpta Matei. Alama zenyewe hazikuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nimekariri kwa bidii. Ungeniamsha usiku wa manane ningekutajia maudhui yote: ukabila, ukimbizi, ufisadi, malezi, uharibifu wa mazingira, nafasi ya mwanamke. Pembeni ya jibu langu mwalimu alikuwa ameandika maneno matatu kwa kalamu nyekundu: “Wapi katika riwaya?”

Sikujua wapi, kwa sababu riwaya sikuwa nimeisoma. Nilikuwa nimesoma mwongozo.

Tarehe 15 Machi mwaka huohuo Rais Uhuru Kenyatta akatangaza kufungwa kwa shule kwa sababu ya korona. Mwongozo haukuwa wangu. Mwenzangu aliyeniazima aliuchukua akaenda nao kwao upande wa Keroka. Nilibaki na nakala ya riwaya niliyonunuliwa Kisii mjini ikiwa tayari imepita mikono ya watu wawili. Darasa la watahiniwa lilirudi shuleni tarehe 12 Oktoba. Katikati hapo ni karibu miezi saba, na katika miezi hiyo nilijifunza kusoma. Nataka kueleza jinsi ilivyokwenda, hatua kwa hatua, pamoja na mahali nilipokwama, kwa kuwa naona wanafunzi wengi bado wanashikilia mwongozo kama nilivyoushikilia mimi.

Mara mbili za kwanza nilishindwa kabisa. Chozi la Heri haianzi mwanzo. Inaanza na daktari, Ridhaa, akiwa kwenye magofu ya nyumba yake baada ya familia yake kuteketezwa, kisha fikra zake zinamrudisha utotoni, zinamleta tena kwenye majivu, zinamrudisha tena. Msomaji aliyezoea muhtasari ulionyooka hupotea kabla ya kurasa ishirini. Nilipotea. Niliweka kitabu chini nikaenda kuchuma chai, maana chai haikufungwa.

Mara ya tatu nilibandua ukurasa wa kalenda ya zamani ukutani, nikaugeuza upande mweupe, nikachora mstari mmoja mrefu. Juu ya mstari niliandika matukio kwa mpangilio wa kutokea kwake: familia ya Ridhaa kuhamia Msitu wa Heri akiwa mtoto, wenzake shuleni kumbagua kama mgeni na kumwita mfuata mvua, kukua kwake hadi udaktari, uchaguzi, jirani yake Mzee Kedi na moto ule. Chini ya mstari niliandika ukurasa ambapo kila tukio linasimuliwa. Kisha nikaunganisha juu na chini kwa rula. Mistari ilikatana kama nyuzi za kikapu.

Mkatano huo ndio ulionifungua macho. Nilikuwa nimefundishwa kwamba mbinu rejeshi ni “kurudi nyuma katika usimulizi”, nikaandika hivyo katika kila mtihani. Sasa niliona kwamba kuna mtu aliyeamua. Mwandishi angeweza kuanza na watoto wakicheza, au na Ridhaa akifungua kliniki, au na siku ya kura. Aliamua majivu yatangulie na ujirani ufuate. Matokeo yake, kila wema wa jirani tunaousoma baadaye tunausoma tukiwa na harufu ya moshi puani. Swali la mtihani kuhusu mbinu rejeshi liligeuka kuwa swali ambalo mtu mwenye akili timamu anaweza kuliuliza: kwa nini kwa mpangilio huu na si mwingine?

Hatua ya pili niliitoa kwenye mtihani wenyewe. Kila aliyefanya karatasi ya tatu ya Kiswahili anajua swali la dondoo: unapewa maneno ya mhusika, kisha unatakiwa kueleza muktadha kwa alama nne. Msemaji, msemewa, mahali, sababu. Wengi wetu tulikuwa tunaichukulia kama fomu ya kujaza siku ya mtihani tu. Mimi niliigeuza kuwa namna ya kusoma. Nilichukua daftari, nikagawa kila ukurasa safu nne, na kila nilipokutana na mazungumzo niliyajaza. Baada ya wiki moja nikaongeza safu ya tano ya kwangu mwenyewe: anaficha nini?

Mhusika aliyeipa thamani safu hiyo ni Lunga. Shuleni alikuwa mtetezi wa mazingira, akiwahimiza wenzake kutunza misitu. Baadaye tunamkuta Msitu wa Mamba, yeye mwenyewe akikata miti apate shamba. Kwenye mwongozo habari yake ilikuwa mstari mmoja chini ya neno kinaya, nami nilikuwa nimeukariri mstari huo kama sala. Daftari halikukubali upite hivyo. Safu ya “sababu” ilinilazimisha kutafuta kilichotokea kati ya Lunga wa kwanza na Lunga wa pili, na nilichokipata ni kwamba alifutwa kazi kwa kupinga wananchi kuuziwa mahindi yaliyoharibika. Yaani alipoteza riziki kwa sababu ya uadilifu uleule aliokuwa akiuhubiri shuleni. Msitu aliuingia akiwa mtu aliyeadhibiwa kwa kusema kweli. Je, hicho ni kinaya tu? Nilijaza ukurasa mzima nikijibizana na mwongozo ambao sikuwa nao tena. Nadhani hilo ndilo wazo langu la kwanza lililokuwa langu kuhusu kitabu chochote.

Kuna jambo la lugha ambalo halimhusu kila Mkenya lakini linatuhusu sisi wa Kisii na Nyamira. Katika wiki ya nne niligundua kwamba kichwa cha safu ya tatu nilikuwa nimekiandika “Mahari” kurasa zote. Lugha yetu, Ekegusii, haina sauti ya l. Tuna r peke yake. Hata neno la shule lilipoingia kwetu liligeuka likawa esukuru. Kwa hiyo mtoto anayekulia Nyamira hasikii tofauti kati ya mahali na mahari, kura na kula, fahali na fahari, mpaka ajifunze kuisikia. Kosa hilo halitokani na uvivu, wala halitibiki kwa kiboko. Ni sikio lililofunzwa kazi nyingine tangu utotoni. Katika riwaya ambayo maafa yake yanafuata uchaguzi, mtahiniwa anayeandika kwamba watu waliuana kwa sababu ya kula amesema jambo jingine kabisa. Nilichofanya ni kusoma kwa sauti, polepole, nikipigia mstari kila neno lenye l, nikihisi ulimi unapogusa. Nusu saa kila asubuhi kabla ya kwenda shambani. Ilichukua miezi miwili. Sikupata njia ya mkato, na sidhani kama ipo.

Vipindi vya masomo vya KICD vilivyorushwa redioni kupitia KBC vilinisaidia, hasa katika ushairi, lakini redio haikuulizi umeelewa nini. Aliyeniuliza ni magokoro.

Magokoro, mama mzaa baba yangu, hakwenda shule. Jioni alikaa jikoni akichambua mboga ya chinsaga, nami nikaanza kumsimulia riwaya kwa Ekegusii, sura moja kwa jioni moja, kwanza kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kumsimulia. Jioni ya kwanza nilikwama kwenye neno dogo. Nilisema “baba yake Mwangeka”, nikichanganya Kiswahili na Ekegusii, naye akanisimamisha: si umesema mama ameungua ndani ya nyumba? Kwetu mama ndiye anayeitwa baba, na baba anaitwa tata. Ilibidi nirudi nyuma nipange upya: tata ni Ridhaa, yuko hai, baba ni Terry, ameteketea, Mwangeka ni mtoto wao, alikuwa mbali akilinda amani, na mkewe na mtoto wake wameungua pia. Nilipomaliza kupanga, ndipo nilipojua kwamba kabla ya hapo familia hiyo haikuwa imepangika hata kichwani mwangu.

Maswali yake yalikuwa magumu kuliko ya mtihani wowote. “Umulkheri ni mtoto wa nani?” Nikasema wa Mwangeka na Apondi. “Walimzaa?” Hapana, walimchukua kumlea. “Basi waliomzaa ni nani, na wako wapi?” Nikarudi kitabuni na tochi. Waliomzaa ni Lunga yuleyule na Naomi, Naomi aliondoka, na ndugu zake Umulkheri, yaani Dick na Mwaliko, wakaibwa na Sauna, msichana wa kazi. Magokoro alitaka kujua huyo mama alikwenda wapi na alikuwa na moyo gani, akakataa kuendelea na sura nyingine mpaka nimjibu. Nilichora ukoo wote nyuma ya ukurasa mwingine wa ile kalenda nikijaribu kumridhisha, na mchoro huo ndio uliotumiwa na darasa letu tuliporudi Oktoba.

Jioni nilipofika pale Ridhaa anapoitwa mfuata mvua, magokoro alinyamaza kwa muda. Kisha akaniambia habari za Januari 2008: Wagusii waliofukuzwa Bonde la Ufa wakishuka Keroka na Kisii na magodoro kichwani, na mapigano kwenye mpaka wa Borabu na Sotik. Mimi nilikuwa mtoto mdogo, sikumbuki. Nchi ya riwaya inaitwa Wahafidhina, si Kenya, lakini magokoro hakuhitaji kuambiwa ni wapi. Aliuliza tu mwandishi alijuaje.

Kiufundi, usimulizi huo ulifanya kitu ambacho daftari lisingeweza kufanya. Msamiati wa mwongozo haupiti katika Ekegusii ya jikoni. Huwezi kumwambia bibi yako kwamba sura hii inadhihirisha maudhui ya ukiukaji wa haki. Inakubidi useme nani alimfanyia nani nini, wapi, na baada ya hapo ikawaje. Ukikosa tukio, huna cha kusema. Swali la mwalimu wangu, “Wapi katika riwaya?”, lilijibiwa pale, kwa sababu kila dai langu lilikuwa limekwisha kupita kwa msikilizaji asiyekubali dai bila tukio. Tangu hapo kila hoja niliyoandika ilikuja na mtu na mahali pake.

Sitaki kuipamba njia hii. Ni ya polepole mno. Karatasi ya tatu ina alama 80 kwa saa mbili na nusu, maswali manne, la kwanza la lazima, na huruhusiwi kujibu maswali mawili kutoka sehemu moja. Riwaya ni sehemu moja tu. Kufikia Oktoba nilikuwa nimeisoma Chozi la Heri mara nne, lakini tamthilia ya Kigogo niliisoma mara moja, na hadithi fupi za Tumbo Lisiloshiba nilizikimbilia mwishoni. Ningepanga upya leo ningesimulia riwaya hadi Julai, kisha nihamie tamthilia. Kosa la pili lilikuwa la safu ya tano. Nilianza kuwabunia wahusika siri ambazo mwandishi hakuwapa. Mwalimu alipoliona daftari alilisifu, kisha akakata kurasa kadhaa kwa ile kalamu nyekundu: maandishi yanasema hivyo? Kuanzia siku hiyo sikuandika kitu katika safu ya tano bila namba ya ukurasa.

Katika jaribio la Novemba nilipata 15 kati ya 20. Mtihani wenyewe wa kitaifa, KCSE, tuliufanya Machi na Aprili 2021.

Kuhusu miongozo, sisemi ichomwe. Iliyoandikwa vizuri inamsaidia aliyekwisha kusoma riwaya, kwa kuwa anaweza kubishana nayo. Asiyesoma hana cha kubishana nacho, anapokea tu. Ndiyo maana naona ni kosa mwanafunzi kupewa mwongozo wiki ileile anayopewa riwaya. Utolewe mwishoni, baada ya mwanafunzi kuwa na daftari lake.

Daftari langu sasa liko kwa binamu yangu wa kidato cha juu, mmoja wa wanafunzi wa mwisho wa mfumo wa 8-4-4, ambao mtihani wake wa mwisho ni wa 2027. Anasoma Nguu za Jadi ya Clara Momanyi. Palipokuwa na Ridhaa ameandika Mangwasha, palipokuwa na Mzee Kedi ameandika Mtemi Lesulia, na safu tano ameziacha zilivyo. Kama una mtahiniwa nyumbani kwako, hata kama wewe hukusoma, mwambie akusimulie sura moja leo jioni kwa lugha ya nyumbani, na usimwachilie mpaka akwambie mtoto ni wa nani.