Mtafsiri na Kimya cha Wakorea

Mtu wa hapa Cheyo akikuambia ameitazama Jumong, muulize kwanza ameitazama kwa sauti ya nani. Tamthilia hiyo ya Kikorea, iliyoanza kuonyeshwa na kituo cha MBC mwaka 2006 na kumalizika mwaka 2007, wengi wetu imetufikia ikiwa na Wakorea wanaofumbua midomo na Mtanzania mmoja anayesema badala yao wote: mfalme, mke wa mfalme, jasusi, hata farasi. Kazi hii ya kutafsiri filamu kwa mdomo si ngeni. Kapteni Derek Mukandala, ambaye wapenzi wa video walimjua zaidi kwa jina la Lufufu, ni miongoni mwa waliotangulia kuifanya nchini, na nyuma yake wamefuata wengi. Mimi siidharau hata kidogo. Nina bibi mmoja jirani yangu, hasomi Kiingereza cha maandishi yanayopita chini ya kioo, na hata kama angekijua macho yake yasingeyawahi. Bila watu hawa asingeijua Korea. Ndiyo maana nawadai. Kwa mtu kama yeye tafsiri ndiyo filamu yenyewe. Hana nyingine ya kulinganishia.

Jumong iliingia Tabora bila kubisha hodi, na nadhani najua sababu. Soseono, mwanamke mkuu wa hadithi, ni binti wa mfanyabiashara na anaongoza misafara. Dola ya Han inapoifungia nchi ya Buyeo chumvi, watu wanataabika, na Jumong, mwana wa kasri aliyekuwa mwoga na mzembe, anaanza kuwa mtu anapokwenda Gosan kuitafuta chumvi hiyo. Mtu wa mji mwingine huenda akashangaa watu wazima kuhangaikia chumvi. Sisi tunaokaa penye njia ya kale ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji hatushangai. Chumvi ya Uvinza ilibebwa mabegani miaka mingi kabla ya reli, na Wanyamwezi walijulikana hadi pwani kwa upagazi na biashara. Mirambo alipopigana na Waarabu wa Tabora kuanzia mwaka 1871, kiini cha ugomvi kilikuwa njia: nani apite, na nani alipe hongo. Vijana wa kijiweni husema Jumong ni Mirambo aliyepewa farasi. Ni mzaha, lakini una akili ndani yake. Kitabu cha kale cha Kikorea, Samguk Sagi cha mwaka 1145, humsimulia Jumong katika kurasa chache tu, tena kinasema alizaliwa kutoka ndani ya yai. Watunzi wa televisheni wakatoa humo sehemu 81. Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, ameandikwa na watu waliokaa naye na kuzungumza naye. Mwenye masikio na asikie.

Sehemu hizo 81, kwa kweli, ni nyingi mno. Mpango wa awali ulikuwa sehemu 60, zikaongezwa kwa kuwa watazamaji walikuwa wengi, na nyongeza inaonekana kama maji kwenye maziwa. Katikati mawaziri wanakaa barazani kusema yale waliyoyasema jana, na majasusi wanasikiliza nyuma ya milango ileile. Hapo mtafsiri ni mkombozi. Akitia chumvi, akimpa waziri sauti ya balozi wa nyumba kumi anayeogopa mkewe, tunacheka na muda unakwenda.

Lakini kuna mahali ambapo mzaha unaharibu. Lugha ya Kikorea hubadilisha mwisho wa kitenzi kulingana na anayesemeshwa, kama ni mkubwa, mwenzako au mdogo. Mdogo anayemchukia kaka yake bado analazimika kumsemesha kwa adabu, na siku anapoiacha adabu hiyo mtazamaji wa kule anajua vita imeanza, hata kabla ya upanga kutoka alani. Katika diski niliyonayo, watu wote wanasemeshana kwa "wewe mshenzi, leo utanitambua", tangu sehemu ya kwanza. Mfalme Geumwa ameitwa "mshua". Basi uhasama ukija hauna pa kupandia, maana matusi yalikwisha mapema. Na hili si umaskini wa Kiswahili. Lugha yenye shikamoo na marahaba, inayomtenga mzee na kijana kwa neno moja la salamu, ina vya kutosha. Mtafsiri wa Tabora ana hata zaidi, kwa kuwa amekua akiona watu wakisema mwangaluka huku goti limekunjwa, na neno mtemi analijua lina uzito gani. Akiyatumia hayo, kasri la Buyeo litaeleweka hapa kuliko linavyoeleweka kwa msomaji wa tafsiri ya Kiingereza, ambamo baba, mtumwa na adui wote ni neno moja.

Dosari ya pili ni kimya. Soseono amesaidia kuijenga nchi mpya ya Goguryeo kwa mali yake na watu wake. Kisha mke wa kwanza wa Jumong anarudi na mwanawe, na Soseono anaona kwamba kukaa kwake kutazaa mgogoro wa urithi, hivyo anaamua kuwachukua wanawe wawili na kwenda kusini. Kwa kanuni ya kibandani steringi hafi, na mwisho ni ushindi. Hapa steringi hakufa, na bado ameshindwa. Kuagana kwao kunabebwa na nyuso zaidi ya maneno. Mtafsiri wetu akaona uso usiosema, akaujaza: "Mapenzi bwana! Mapenzi yana wenyewe!" na utani mwingine wa namna hiyo mpaka farasi walipoondoka.

Niliwahi kumuuliza mtafsiri mmoja kwa nini hanyamazi. Akanijibu kwamba akikaa kimya wateja hudhani diski imekwama, nao hupiga kelele warudishiwe pesa. Ni jibu la haki kwa mtu anayekula kwa mdomo wake. Hata hivyo sikubali kwamba watazamaji hawawezi kimya. Wanaokiogopa ni wauzaji.

Nina ushahidi kutoka Japani. Tokyo Story ya Yasujiro Ozu, ya mwaka 1953, haina upanga wala farasi. Wazee wawili wanasafiri kutoka Onomichi kwenda kuwaona watoto wao Tokyo, watoto wana kazi zao, wazee wanapelekwa mahali pa chemchemi za maji moto ili wasisumbue, na kelele za usiku zinawanyima usingizi. Anayewatunza kwa moyo ni Noriko, mkwe wao ambaye mumewe hakurudi vitani. Wazee wanarudi kwao, na mama anafariki. Ni filamu ya zaidi ya saa mbili, na mwenye kibanda yeyote angenifukuza nayo. Nilimwekea bibi jirani yangu nyumbani, nami nikamtafsiria polepole, maneno machache tu, pale yalipohitajika. Aliwaamkia wale wazee walipoingia. Walipopelekwa kwenye chemchemi akasema, "Wamefukuzwa hao," na mimi nilikuwa sijasema neno. Baada ya mazishi watoto wanakula, wanataja habari za treni ya kurudi, na binti mkubwa anaanza kuuliza habari za nguo za marehemu, kwamba angependa kupewa hii na ile. Nilifungua mdomo ili nitafsiri. Bibi alikuwa amekwisha kusonya.