Simba wa Karatasi Jukwaani: Uhakiki wa Maleba

Sisi vijana waandishi tumezoea kuhakiki mashairi, hadithi fupi na tamthilia. Maleba hatuyagusi. Tukiyataja, tunaandika mstari mmoja tu: "maleba yalipendeza," basi, imetoka hiyo. Leo nataka kuwahakiki wale waliomvalisha simba katika mchezo wa kikundi kimoja cha vijana hapa mjini, kwa sababu naona simba yule ana somo kwetu wote tunaoshika kalamu.

Kwanza nieleze alivyotengenezwa. Simba mdogo wa karatasi, anayesimama kwa miguu miwili, huja akiwa amechorwa vipande bapa kwenye kurasa kadhaa. Unakata, unakunja, unagundisha, anasimama mezani. Wajapani wamekwenda mbali katika sanaa hii, na programu yao iitwayo Pepakura Designer hulifungua umbo la kompyuta likawa vipande vya kukata. Vijana wetu hawakuwa na mashine. Walipiga miraba ya sentimita 1 juu ya kielelezo, kisha miraba ya sentimita 10 juu ya karatasi za manila, wakahamisha mstari kwa mstari, kama wafanyavyo wachoraji wa mabango. Kwa hili nawavulia kofia. Ni kazi ya subira, na mikunjo ya uso ilitoka safi kabisa.

Sasa tatizo. Kielelezo kilikuwa na kimo cha sentimita 17. Mwigizaji ana sentimita 170. Wakazidisha kila kitu kwa 10. Hesabu ni sahihi, lakini mtu si kielelezo. Kichwa cha simba wa mezani kilikuwa na mzunguko wa sentimita 15, jukwaani kikawa na 150, wakati kichwa cha mwigizaji ni 57 tu. Mabega ya simba yalikuwa sentimita 3, yakawa 30. Ya mwigizaji ni 42. Hivyo huku juu kichwa kinapwaya kama mtungi juu ya kijiti, huku chini makwapa yamepasuliwa na kuzibwa kwa selotepu. Macho ya simba yalikuwa juu ya paji la mwigizaji, kwa hiyo haoni. Ikabidi mfalme wa nyika ashikwe mkono na swala kuingia barazani kwake! Watu walicheka, jamani, na pale hapakuwa mahali pa kucheka.

Kuna jambo la pili. Ukizidisha urefu mara 10, eneo huzidi mara 100, lakini unene wa manila unabaki uleule. Galileo alikwisha kueleza katika kitabu chake cha mwaka 1638 kwamba kiumbe kikikuzwa, mifupa yake haiwezi kubaki na uwiano uleule, lazima inenepe zaidi ili ibebe uzito. Simba wetu hakuongezewa mifupa. Ilipofika sehemu ya pili, mashavu yalikuwa yamesinyaa kwa jasho na pumzi.

Wapo watakaosema, "Wewe naye, ni karatasi tu, hadhira ilielewa kuwa ni simba." Sikubali. Katika fani na maudhui tunafundishwa kuwa fani hubeba maudhui. Mfalme yule alikuwa na hotuba nzito kuhusu njaa, na mwigizaji aliyeisema ana sauti nzuri, namjua. Tulisikia mvumo tu ndani ya karatasi. Maleba yamemmeza mtu.

Ingefanyikaje basi? Mpime mwigizaji kwanza, kama fundi cherehani. Kila sehemu ipewe kizidisho chake. Kichwa kikizidishwa kwa 4.5, mzunguko unafika sentimita 67.5, nafasi ya hewa na kitambaa cha ndani ipo. Kiwiliwili kifuate mabega na kifua, mguu ufuate mguu. Ndani ya kipande kimoja usibadilishe kizidisho, maana pembe zitakataa kukutana. Tofauti ya sehemu na sehemu izibwe shingoni kwa manyoya ya kitambaa. Magoti na viwiko vikatwe, kwa sababu karatasi iliyogundishwa haikunjiki. Mgongo uachwe wazi, ufungwe kwa kamba. Ndani viwekwe vipande vya boksi. Mwigizaji aone kupitia mdomo wa simba. Na kabla ya yote, jaribu kwa gazeti kuukuu.

Nimeandika kwa ukali kwa sababu ugonjwa huu ni wetu pia. Mimi nina ndoto ya kuandika riwaya, na miswada mingi tunayosomeana hapa ni hadithi za kurasa 8 zilizovutwa zikafika 80. Machweo ya sentensi moja yanakuwa kurasa tatu, lakini mhusika anabaki na unene uleule wa karatasi: mlevi ni mlevi tu, mama ni wa kulia tu. Hatumpimi mtu atakayeishi humo ndani. Tunazidisha kwa 10, kisha tunashangaa mbona hasikiki.

Kwa maoni yangu, simba yule alikuwa kielelezo kizuri na maleba mabaya. Vijana wale wana mikono ya kazi. Wamrudie mwigizaji wao wakiwa na tepu, wamtengeneze upya, maana hotuba ile ya njaa inastahili kusikika.