Ufundi wa Totò

Mei 1957, mjini Palermo, Antonio de Curtis, mchekeshaji wa Italia aliyejulikana kama Totò, aliacha kuona akiwa jukwaani. Jicho lake moja lilikuwa limeharibika miaka mingi nyuma, na sasa lile zima nalo likazimika. Watu waliolipa kiingilio kuja kumcheka Totò hawakugundua chochote. Alipita palepale alipopaswa kupita, akageuka alipopaswa kugeuka, onyesho likaisha wakampigia makofi.

Baadaye alirudishiwa mwanga kidogo wa pembeni, vivuli tu. Jukwaa akaliacha, lakini filamu aliendelea kuzicheza kwa takriban miaka 10 mingine, moja baada ya nyingine. Alikaa akisubiri zamu yake amevaa miwani nyeusi. Mwongozaji akitoa amri ya kuanza, alivua miwani, akasimama, akatembea kati ya meza na viti kama mwenye nyumba. Amri ya kukata ikitolewa, alihitaji mtu wa kumshika mkono. Kila ninaposikia mtu akisema kuchekesha ni kipaji tu cha kuzaliwa, natamani akae azitazame filamu hizo za mwisho. Kipaji hakimwambii mtu asiyeona kwamba mlango uko hatua tatu kushoto. Mwili wake ulikuwa umefanya kazi hiyo kwa karibu miaka 40, usiku baada ya usiku, hadi ukaweza kuifanya bila macho.

Alizaliwa tarehe 15 Februari 1898 katika mtaa wa Sanità, Napoli, mtaa wa maskini. Mama yake, Anna Clemente, hakuwa ameolewa. Baba alitoka katika ukoo wa kimakabaila na alichelewa sana kumkubali mtoto kisheria. Utu uzimani Totò alitumia fedha na nguvu nyingi kutafuta vyeo vya ukoo, hata mahakama ikamtambua kuwa mwana wa mfalme mwenye damu ya watawala wa Bizanti. Waandishi wengi wamelifanyia mzaha jambo hilo. Mimi naliona zito. Mtoto aliyeandikishwa kwa jina la mama peke yake, katika Italia ya wakati ule, alijua thamani ya karatasi yenye muhuri.

Hata uso wake uliumbwa na ajali. Akiwa shuleni alipigwa ngumi katika mchezo wa ndondi, pua ikapinda, na tangu hapo upande mmoja wa uso haukukubaliana na mwingine. Mwingine angeuficha. Yeye aliugeuza chombo cha kazi: taya alilipeleka huku, macho akayapeleka kule, shingo ikarefuka kana kwamba imeota fundo jipya.

Mwili wenyewe aliuazima kwa Gustavo De Marco, mchekeshaji wa Napoli aliyejulikana kwa kucheza kama kikaragosi kilichokatwa nyuzi. Kijana Antonio alianza kwa kumwiga, na hapo hapana aibu. Fundi huanza kwa kushika zana za fundi mwingine. Miaka ya 1920 aliipeleka sanaa hiyo Roma, katika ukumbi wa Jovinelli, ambako watazamaji walimzomea waziwazi asiyewafurahisha. Ilimbidi ajifunze haraka mahali pa kunyamaza, muda wa kusubiri, na kiungo cha kusogeza kwanza. Katika *Totò a colori* ya 1952, mojawapo ya filamu za kwanza za rangi nchini Italia, anajificha kati ya vikaragosi na kuigiza kama mmoja wao. Mikono inaning'inia kutoka kwenye viwiko, magoti yanakunjika kila moja kwa wakati wake, kichwa kinachelewa kufuata mabega. Nyuzi zisizokuwepo zinapolegea, anaporomoka chini kama rundo. Alikuwa na miaka zaidi ya 50, chini ya taa za joto kali zilizohitajika kwa filamu ya rangi.

Filamu hiyohiyo ina kile kisa cha behewa la kulala, na hapo lazima nimtaje Mario Castellani, ambaye wengi humsahau. Castellani alicheza mbunge mwenye heshima zake anayelazimika kulala chumba kimoja na Totò safarini. Kazi yake ilikuwa kumrushia mwenzake maneno ili ayarudishe yamepindishwa, na kuchukia kwa dhati bila kucheka kamwe. Kisa kilianzia jukwaani, katika onyesho la 1947, kikiwa kifupi. Kila usiku kiliongezeka kidogo: kicheko cha leo kilihifadhiwa, kesho kikatafutiwa ndugu. Watu walidhani Totò anabuni papo kwa papo. Alibuni, ndiyo, lakini juu ya msingi uliokwisha kupimwa na maelfu ya watazamaji, na mbele yake alikuwepo Castellani aliyejua ampe nafasi kiasi gani. Mchekeshaji asiye na mwenzake wa namna hiyo hupiga kelele tu.

Wahakiki wa wakati wake hawakumtendea haki. Alicheza filamu zaidi ya 90, nyingi zikapigwa kwa wiki chache zikiwa na hadithi dhaifu, na wao wakaishia kuhukumu hadithi. Sitetei filamu zote. Zipo ambazo hazina kitu ila yeye. Lakini hata katika hizo kuna dakika mbili tatu za kazi safi. Na pale hadithi ilipolingana naye, kama *Miseria e nobiltà* ya 1954, kazi ni kubwa. Familia yenye njaa inaletewa tambi ghafla. Wanavuta viti kuelekea mezani taratibu, kwa adabu, mpaka adabu inapokwisha. Totò anapanda mezani, anakula kwa mikono, kisha anajaza tambi mifukoni mwa koti huku akicheza dansi. Mtoto wa Sanità hakuhitaji kuelekezwa kwamba mwenye njaa huiwazia na kesho.

Mwaka 1966 mwongozaji Pasolini alimpa nafasi kuu katika *Uccellacci e uccellini*, tamasha la Cannes likamtaja kwa heshima, na wasomi wakaanza kusema wamemgundua. Pasolini alimpa pia nafasi ya Iago katika filamu fupi ambamo wahusika wa tamthilia ya *Othello* ni vikaragosi. Ilionyeshwa mwaka 1968. Totò alikuwa amekwisha kufariki, tarehe 15 Aprili 1967.

Mario Monicelli, aliyemwongoza pamoja na Steno katika *Guardie e ladri* ya 1951, alikuja kusema uzeeni kwamba walimkosea: kwa kumfanya mtu wa kawaida mwenye mke na watoto, walimkata mabawa yule kiumbe wa ajabu. Namheshimu Monicelli, lakini hapa sikubaliani naye. Katika filamu hiyo Totò ni mwizi mdogo, Aldo Fabrizi ni askari mnene atakayefukuzwa kazi asipomkamata. Mwishoni familia zao zimekaa kula pamoja bila kujua siri, na askari hana tena moyo wa kumfunga. Basi mwizi ndiye anayemshika mkono na kumburuta kuelekea gerezani, ili mwenzake asipoteze kazi. Mtazame anavyotembea. Mabega yanatangulia, kichwa kinachelewa, miguu inakwenda kwa mwendo uleule wa Jovinelli, umepunguzwa tu mpaka ukatosha ndani ya mtu mwenye familia. Kiumbe wa ajabu yumo mzima. Monicelli ndiye aliyekuwa nyuma ya kamera siku hiyo, na nadhani aliona vizuri kuliko alivyokuja kukumbuka.